Rangi ya ndege moja, siku moja: jinsi skini za simuleta zinavyofanywa kuwa za kweli

Mchezaji wa simuleta ya mapigano ya angani, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege halisi, anaweza kubadilisha sura ya ndege yake kwa faili moja tu. Faili hilo wachezaji huliita skini. Ni picha bapa ambayo programu huizungushia umbo la ndege, kuanzia pua ya propela hadi ncha ya mkia. Ukiliweka kwenye folda yake, Spitfire uliyoinunua ikiwa ya kijani na kahawia hugeuka kuwa ya kikosi kingine na mwaka mwingine. Kuchora skini ya kupendeza hakuhitaji miaka ya kujifunza. Kuchora skini iliyo sahihi kihistoria ni kazi ya aina nyingine, na sehemu yake kubwa hufanyika kabla hata programu ya kuchorea haijafunguliwa.

Tuichukue Spitfire hiyohiyo, ndege ya kivita ya Uingereza, kwa sababu ndiyo inayochorwa sana na ndiyo inayokosewa sana. Ziliundwa zaidi ya 20,000, na amri kuhusu rangi zake zilibadilika mara kwa mara wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwanzoni tumbo lilipakwa nusu nyeusi na nusu nyeupe, ili wapiga mizinga wa ardhini wasiwatungue wenzao. Juni 1940 ikaamriwa tumbo zima liwe la rangi iliyoitwa Sky, kijani kilichopauka. Akiba ya rangi hiyo haikutosha, mafundi wakachanganya walichokuwa nacho, na ndege za kikosi kimoja zikajikuta na matumbo yasiyofanana. Novemba 1940 ukaongezwa mkanda wa Sky wenye upana wa inchi 18 mbele ya mkia, na pua ya propela ikapakwa rangi hiyohiyo. Agosti 1941 kahawia ikaondolewa mgongoni, nafasi yake ikachukuliwa na kijivu, kwa kuwa mapigano yalikuwa yamehamia juu ya Mlango wa Bahari wa Uingereza na kaskazini mwa Ufaransa. Kijivu chenyewe, Ocean Grey, hakikupatikana upesi. Vikosi vikaelekezwa kukoroga sehemu saba za kijivu cha wastani na sehemu moja ya nyeusi.

Kwa hiyo swali la "Spitfire ilikuwa na rangi gani?" halijibiki. Linalojibika ni hili: ndege yenye namba hii, tarehe hii, kwenye kiwanja hiki, ilionekanaje? Usahihi ni wa ndege moja kwa siku moja. Anayechora "Spitfire ya mwaka 1941" bila namba wala mwezi amechora wastani wa ndege nyingi, na ndege ya wastani haikuwahi kuruka.

Hapo ndipo kazi ya nyaraka inapoanza, na mimi naiona kuwa ndiyo tamu kuliko zote. Kila ndege ya jeshi la anga la Uingereza, RAF, ilipewa kiwandani namba ya usajili ambayo ilikaa nayo maisha yake yote, kwa mfano BR108. Ikifika kikosini ilipewa pia herufi, kwa kawaida mbili za kikosi na moja yake yenyewe. Herufi hii moja ndiyo inayowapoteza wengi. Ndege "S" ikianguka leo, ndege mpya inayoletwa inaweza kupewa "S" ileile kesho, kwa hiyo kikosi kimoja huweza kuwa na "S" kadhaa ndani ya mwaka. Daftari la operesheni la kikosi huandika jina la rubani, saa ya kuruka, saa ya kutua na namba ya ndege. Madaftari hayo yapo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew, kwenye mfululizo unaoitwa AIR 27. Lakini kwa kawaida hayaandiki herufi ya ndege. Kitabu cha safari cha rubani mwenyewe, kinyume chake, mara nyingi huandika herufi tu. Picha nazo huonyesha herufi vizuri, ila namba huenda imefutwa na wakaguzi wa picha wa wakati wa vita au imefunikwa na ule mkanda wa Sky uliopakwa juu yake.

Unaona basi kwamba kila ushahidi una kipande ambacho mwenzake hana. Ukipata picha yenye tarehe, ukaenda kwenye daftari la siku hiyo, ukamkuta rubani anayejulikana kuwa alikuwa akirusha "S", namba hujitokeza. Kisha iko kadi ya mwenendo wa ndege, inayoonyesha ilitoka kiwandani lini, ilipita karakana gani na iliisha vipi. Kadi hiyo ndiyo hukueleza kama ndege ilipakwa rangi chini ya amri ya zamani au mpya. Tahadhari moja muhimu: michoro ya rangi iliyo vitabuni si ushahidi. Ni tafsiri ya mchoraji mwingine aliyetazama picha zilezile, na kosa la mmoja hunakiliwa na kumi wanaomfuata mpaka linaonekana kama jambo lililothibitishwa.

Kwa kuona jinsi hali inavyoweza kuwa ngumu, twende Malta mwaka 1942. Kisiwa hicho kilikuwa kimezingirwa, kikipigwa mabomu kila siku na ndege za Ujerumani na Italia kutoka Sicily. Spitfire zilipelekwa kwa manowari za kubeba ndege, ambazo zilizirusha zikiwa bado mbali magharibi, na marubani wakamalizia safari ya yapata kilomita 1,000 juu ya bahari. Tarehe 20 Aprili ziliruka 47 kutoka manowari ya Marekani, USS Wasp. Tarehe 9 Mei Wasp ikarudi pamoja na HMS Eagle ya Uingereza, na safari hiyo ziliruka zaidi ya 60.

Ndege hizo zilikuwa zimeandaliwa kwa rangi za jangwani: kahawia ya Dark Earth na rangi ya mchanga iliyoitwa Mid Stone mgongoni, na buluu ya Azure tumboni. Juu ya mchanga wa Libya rangi hizo huificha ndege. Juu ya Mediterania huitangaza. Ndipo zikapakwa upya kwa haraka, na picha zilizopigwa kwenye sitaha ya Wasp zinaonyesha migongo iliyotiwa giza. Ni rangi gani hasa? Watafiti wanabishana hadi leo. Wapo wanaosema ni buluu-kijivu ya jeshi la majini la Marekani iliyotoka kwenye ghala la Wasp. Wapo wanaosema ni buluu nzito ya Kiingereza. Wengine wanatetea kijivu cha baharini, au mchanganyiko wa chochote kilichokuwepo. Marubani waliohojiwa miaka mingi baadaye walitaja buluu tofauti tofauti, na si ajabu, kwani aliyekuwa akipigania roho yake hakuwa na sababu ya kukariri jina la kopo la rangi.

Mtu anaweza kudhani picha zingemaliza ubishi. Tatizo ni kwamba ni za nyeusi na nyeupe, na filamu ya nyeusi na nyeupe haisomi rangi kama jicho. Filamu za wakati huo zilikuwa za namna mbili kuu. Ya kwanza, othokromatiki, haioni nyekundu: nyekundu hutokea karibu nyeusi, njano hutiwa giza, na buluu hupauka. Ya pili, pankromatiki, huona rangi zote, lakini nyekundu na buluu zinaweza kutoka na kijivu kinachokaribiana, na mpiga picha akiweka kichujio mbele ya lenzi mambo hubadilika tena. Ndiyo maana kwenye baadhi ya picha duara la njano linalozunguka alama ya utambulisho ubavuni linaonekana kama halipo kabisa, na mtu asiyejua akaandika kwamba ndege ile haikuwa nalo.

Kuna njia ya kujisaidia, na ningependa kila anayeanza aijue. Ndege ya RAF hubeba kipimo chake ubavuni. Duara la utambulisho lina nyekundu, nyeupe, buluu na njano ambazo tunazijua, zimepigwa picha kwa filamu ileile na jua lilelile. Anza na duara. Njano ikiwa nyeusi-nyeusi, filamu ni othokromatiki, basi usithubutu kusema mgongo ni mweupe kwa sababu unaonekana mweupe, maana huenda ni buluu. Njano ikiwa angavu na nyekundu ikiwa kijivu cha kati, unaweza kulinganisha mgongo na buluu ya duara kwa ujasiri zaidi. Linganisha pia sehemu zilizo kwenye mwanga wa aina moja, kwani mgongo unaotazama anga na ubavu ulio kivulini havipimwi pamoja.

Duara lenyewe husaidia kupata tarehe. Hadi majira ya kuchipua ya 1942 duara la ubavuni la Spitfire lilikuwa na kipenyo cha inchi 35, na mistari yake yote ilikuwa na upana sawa: nyekundu 5, nyeupe hadi 15, buluu hadi 25, njano hadi 35. Katikati ya mwaka huo likaja jipya la inchi 36, lenye nyekundu ya inchi 12, nyeupe nyembamba hadi 16, buluu hadi 32 na ukingo mwembamba wa njano. Spitfire ya Aprili kwenye sitaha ya Wasp yenye duara jipya ni kosa linaloonekana kutoka mbali, hata buluu ya mgongo ingechaguliwa kwa uangalifu wa namna gani.

Sasa tufungue programu. Watengenezaji wa simuleta hutoa kiolezo: sehemu zote za ndege zimetandazwa kwenye mraba mmoja, kama vipande vya kitambaa ambavyo fundi cherehani amevikata na bado hajavishona. Bawa la kushoto lipo huku, ubavu kule, kifuniko cha injini pembeni kabisa. Mstari wa rangi unaotoka kwenye bawa na kupanda ubavuni lazima ukutane na mwenzake kwenye kingo mbili zilizo mbali katika picha. Kwa kazi hii watu wengi huiingiza ndege kwenye Blender, programu ya maumbo ya pande tatu, au inayofanana nayo, wachore moja kwa moja juu ya umbo, kisha warudi kusafisha kwenye programu ya picha bapa kama GIMP, Krita au Photoshop. Angalia pia kama modeli inatumia kipande kimoja kwa pande mbili, kwa sababu hapo maandishi ya upande mmoja yatasomeka kinyume.

Vipimo hufanywa kwa hesabu, jicho pekee halitoshi. Spitfire ya Mk V, yaani toleo la tano, ina urefu wa mita 9.12. Tukichukulia kwamba ubavu umepewa pikseli 3,600 kwenye mraba wa pikseli 4,096, kila pikseli inabeba takriban milimita 2.5. Namba ya usajili ya RAF ilikuwa na tarakimu za kimo cha inchi 8, upana wa inchi 5 na unene wa inchi 1, yaani pikseli 80 kwa 50 kwa 10. Duara la inchi 35 linakuwa la pikseli zipatazo 350. Hesabu hiyohiyo inakuonya kuhusu ribiti, vile vipini vinavyounganisha bati: kichwa cha ribiti hupata pikseli mbili au tatu tu, kwa hiyo ribiti unazoziona wazi ukiwa mbali na ndege zimekuzwa kupita kiasi. Isitoshe, sehemu kubwa ya mabawa ya Spitfire ilikuwa na ribiti zilizolazwa sawa na bati ili upepo upite vizuri. Skini nyingi huifanya ionekane kama boila.

Kuhusu rangi yenyewe kwenye kompyuta, nitasema kwa kifupi. Viwango vya Uingereza vya BS 381C bado vina rangi zinazokaribiana sana na zile za vita, kama Dark Earth kwa namba 450 na Dark Green kwa namba 641, na hizo ni mahali pazuri pa kuanzia. Lakini namba uliyoipima kwenye kibati cha rangi haitaonekana vilevile ndani ya mchezo, kwa sababu injini ya mchezo inaongeza jua, ukungu na mwako wa anga. Zamani, katika simuleta ya IL-2 Sturmovik ya mwaka 2001, skini ilikuwa faili moja la BMP lenye pikseli 1,024 kwa 1,024 na rangi 256, na mchoraji alilazimika kuchora vivuli na mng'ao yeye mwenyewe. Leo, katika simuleta ya DCS World kwa mfano, rangi hukaa kwenye faili lake, na faili la pili hueleza uso ulivyo: mkwaruzo wake, uchuma wake, vivuli vya kwenye mifereji. Ukichora kivuli ndani ya faili la rangi, jua la mchezo litaongeza chake, na ndege itaonekana chafu hata ikitoka kiwandani. Ijaribu skini yako saa sita mchana, alfajiri na chini ya mawingu kabla ya kuamua kwamba buluu imekaa sawa.

Uchakavu ndio unaotenganisha mchoraji mwangalifu na anayejaza nafasi. Watu hupenda kuchubua rangi kila mahali hadi bati ling'ae. Jiulize kwanza chini ya rangi kuna nini. Usukani wa mkia wa Spitfire ya Mk V ulivikwa kitambaa, na vivyo hivyo vibawa vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua. Kitambaa hakichubuki kikaonyesha alumini. Propela za de Havilland zilikuwa za metali, na kwenye hizo makovu ya fedha yanakubalika. Propela nyingi za Rotol zilikuwa za mbao, hivyo mkwaruzo wake hauwezi kung'aa. Rubani aliingilia mlango wa kushoto, ndiyo maana bawa la kushoto karibu na kiti huchakaa kuliko la kulia. Matundu ya bunduki rashasha yalizibwa kwa viraka vya kitambaa vilivyopakwa rangi nyekundu, navyo hupasuka risasi ya kwanza inapotoka. Viraka vizima, pamoja na masizi mabichi ya bunduki zilezile nyuma yake, vinasimulia habari mbili zisizopatana.

Na umri wa ndege unatawala yote hayo. Nyingi za Spitfire zilizotua Malta tarehe 20 Aprili ziliharibiwa ndani ya siku chache, baadhi zikiwa zimeegeshwa chini. Ndege ya namna hiyo haikupata muda wa kupauka kwa jua. Ilikuwa na rangi mpya iliyopakwa kwa haraka, kingo zisizo nadhifu kuzunguka maduara na herufi, mikwaruzo ya kufungwa na kushushwa melini, moshi wa ekzosi wa safari ndefu moja, na vumbi jeupe la mawe ya chokaa la viwanja kama Ta' Qali na Luqa. Kuifanya ionekane kama imepigana miaka miwili ni kuipa maisha ambayo haikuyapata.

Kuna wanaotumaini kwamba mabaki yatatoa jibu. Spitfire BR108 ilitolewa baharini karibu na Gozo mwaka 1973, na mabaki yake yako katika jumba la makumbusho ya vita huko Valletta. Mabaki yana thamani kubwa kwa kuonyesha tabaka za rangi na mpangilio wake. Kwa toni halisi ya buluu yanasaidia kidogo, kwa sababu chumvi na miongo kadhaa chini ya maji hubadilisha rangi, na rangi ya ndege moja haithibitishi ya ndege iliyopakwa kwenye meli nyingine mwezi mwingine.

Jambo moja la pembeni, kwa wanaochora ndege za Ujerumani. Mkia wa ndege hizo ulibeba swastika ya Wanazi, na sheria ya Ujerumani inazuia kuionyesha hadharani isipokuwa kwa sababu maalumu kama elimu na sanaa. Tangu Agosti 2018 wakaguzi wa michezo wa nchi hiyo huangalia kila mchezo peke yake, ila simuleta nyingi bado huuzwa bila alama hiyo. Wachoraji wengi hutoa matoleo mawili, lenye alama na lisilo nayo, na naona ni utaratibu mzuri. Usiichanganye na swastika ya buluu ya jeshi la anga la Finland, iliyoanza mwaka 1918 kutokana na ndege iliyotolewa zawadi na Msweden Eric von Rosen, kabla chama cha Nazi hakijakuwepo.

Kazi ikikamilika, picha hubanwa kuwa faili la DDS, aina ya faili la picha ambalo michezo hulisoma. Mraba wa pikseli 4,096 kila upande, ukiachwa bila kubanwa na ukiwa na chaneli nne (nyekundu, kijani, buluu na uwazi), unakula megabaiti 64 za kadi ya picha. Ukibanwa kwa DXT5, mojawapo ya njia za kubana za DDS, unashuka hadi 16, na nakala zake ndogo za kutazamwa kwa mbali zikiongezwa unafika kama 21. Usiziache nakala hizo ndogo, kwani bila hizo mistari myembamba humetameta ndege inapokuwa mbali.

Ndani ya folda weka faili la maandishi. Andika namba ya ndege, tarehe, kikosi, na kwa kila sehemu useme imetoka wapi: herufi zimeonekana kwenye picha, namba imepatikana kwa kulinganisha daftari na picha, upande wa kulia haukupigwa picha na umechorwa kwa kufuata desturi ya kikosi, tumbo limefuata amri ya wakati huo. Kwa Spitfire za Wasp ningetoa skini tatu za ndege ileile, moja ya buluu-kijivu ya Kimarekani, moja ya buluu nzito ya Kiingereza, moja ya kijivu cha baharini, zikiwa zimefanana kwa kila kitu isipokuwa mgongo. Mchezaji ataruka na anayoiamini, na picha nyingine ya sitaha ile ikipatikana, atakayeichora upya atakuwa na rangi moja tu ya kubadilisha.